Kutoka Manyema hadi Kiti cha Liwali (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Wageni huonyeshwa chumba cha Livingstone. Mimi nilisimama zaidi mlangoni, kwenye mbao zilizochongwa nakshi za kipwani, huku bahari iko mbali kwelikweli. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakaingia Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba. Hao walikuwa na wapagazi wa kuwabebea mizigo.

Sasa mfikirie mtoto mdogo anayeikanyaga njia hiyo kwa upande wa pili. Anatolewa Manyema, mashariki ya Kongo, ambako misafara ilivuka ziwa hadi Ujiji, ikapita Tabora, ikateremka Bagamoyo. Huko akauzwa, akaingia nyumbani kwa tajiri wa Kiarabu, Amir bin Suleiman Al-Lamki. Jina la mtoto huyo ni Yahya bin Abdallah. Watu walimwita Sheikh Ramiya.

Jina la baba lenyewe linasema mengi. Mtumwa aliyesilimu na ambaye baba yake hakujulikana alipewa ubini wa "Abdallah", mja wa Mungu. Katika mji ambao watu walipimana kwa nasaba, yeye hakuwa na nasaba ya kutaja. Alichokuwa nacho ni elimu. Alisoma, akafanya biashara ndogondogo mpaka akamiliki minazi, kisha akafungua darsa na kuwa khalifa wa tarika ya Qadiriyya.

Tarika hiyo ilienezwa sana Afrika Mashariki na wanafunzi wa Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, na huko Tabora ilishamiri chini ya Sheikh Zahor bin Mohamed. Kwa hiyo njia iliyoshusha watumwa na pembe za ndovu ndiyo iliyopandisha zikri kwenda bara. Aliyehudhuria zikri ya Qadiriyya anajua inavyokuwa: watu wamesimama bega kwa bega, sauti inatoka kifuani, na hakuna anayeulizwa babu yake nani. Bagamoyo, aliyeongoza safu hiyo alikuwa mtu aliyewahi kununuliwa mjini humohumo.

Mwaka 1916 Waingereza waliwatoa Wajerumani Bagamoyo, wakamteua Sheikh Ramiya kuwa Liwali. Liwali alisikiliza kesi, alifikisha amri za serikali kwa raia na malalamiko ya raia kwa serikali. Zingatia tarehe. Sheria ya Wajerumani iliwapa uhuru watoto waliozaliwa baada ya mwaka 1905 tu, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika hadi 1922. Maana yake, kwa miaka sita watu waliokuwa bado wakimiliki watumwa walipeleka mashauri yao mbele ya mtu aliyekuwa mtumwa.

Wapo wanazuoni wanaoona aibu kwa sheikh kuingia katika nyumba ya mtawala, tena mtawala mkoloni. Hoja yao ina uzito. Liwali alikuwa mkono wa serikali, na serikali ile haikuchaguliwa na mtu. Lakini Waingereza hawakumpa Ramiya heshima aliyokuwa hana. Walimfuata kwa sababu watu walikuwa wanamsikiliza tayari, na walimsikiliza kwa ajili ya darsa. Nani mwingine mjini angewasemea waliokuwa hawana ukoo wa kuwasemea?

Alifariki mwaka 1931. Mwanawe, Sheikh Mohamed Ramiya, alirithi ukhalifa, na kilipokuja chama cha TANU akawa mhimili wake Bagamoyo. Safari hii wajumbe wa siasa walikwenda bara kwa treni ya reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912. Januari 1958 TANU ilikutana mjini humo kuamua kama iingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpigakura alilazimika kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wiki ijayo tutaingia katika ukumbi wa mkutano huo.