Tijara ya Khofu: Filamu za Kutisha na Vyombo Tulivyoviunda

Katika tijara zote za sinema ni nadra kuiona iliyo na mtaji haba na faida tele kama ile ya filamu za kutisha, kwa sababu bidhaa yake ya asili, yaani khofu, mtazamaji huja nayo mwenyewe kutoka kwake. Na tangu kwisha vita vikuu vya pili, khofu iliyouzika mno ni ya vyombo ambavyo wanadamu wameviunda kwa mikono yao.

Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko visiwa vya Bikini, na majivu yenye sumu yakawaangukia wavuvi 23 wa chombo cha Kijapani, Daigo Fukuryu Maru, ambao mmoja wao alifariki Septemba. Ilipofika Novemba 3, kampuni ya Toho ilikuwa imekwisha kuionyesha Gojira, filamu inayoanza kwa meli kuteketea baharini kwa mwanga wa ghafla. Na Wajapani hawakuhitaji mfasiri wa mwanga ule.

Mwaka 1998, video zilipokuwa zimeenea majumbani, Hideo Nakata alitoa Ringu, ambamo aitazamaye kanda iliyolaaniwa hufa baada ya siku saba, illa akiinakili na kumwonyesha mwingine. Wamarekani waliitengeneza upya mwaka 2002 kwa takriban dola milioni 48, wakavuna zaidi ya milioni 240.

Hesabu iliyowashangaza matajiri zaidi ni ya Paranormal Activity, iliyoonyeshwa kwanza mwaka 2007 na kupigwa ndani ya nyumba moja, kamera ikiwa imesimamishwa chumbani usiku kucha kuwaangalia waliolala: iligharimu kiasi cha dola 15,000, ikaingiza zaidi ya milioni 190. Kampuni ya Blumhouse ikaufanya ubahili huo kuwa kanuni, ikiwalipa mafundi na waigizaji ujira mdogo kwanza, kisha fungu la faida.

Kwa kanuni hiyo ilikuja M3GAN, habari ya mwanasesere mwenye akili ya kompyuta aliyekabidhiwa yatima na mlezi asiye na wasaa. Kwa dola milioni 12 ilipata takriban milioni 180, maadam kila mzazi ampaye mtoto simu ili atulie alijiona humo. Lakini ya pili, mwaka 2025, iliyogeukia mapigano na mzaha, haikufikisha milioni 40. Basi na wajue wenye fedha zao kwamba rasilimali ya kazi hii ni dhamiri ya mtazamaji, na anayeipuuza hupata hasara hata akiwa na mashine bora kuliko zote.