Komiki za Zamani: Hesabu Kurasa, Kisha Angalia Salio

Umesogeza kabati pale nyumbani Bahati, na nyuma yake ukakuta katoni ya magazeti ya kitambo. Juu kuna vitabu vya shule. Chini yake kuna komiki: Shujaaz kadhaa, Joe moja iliyopoteza jalada, na kitabu cha picha cha Lance Spearman ambacho huenda guka alikuwa akikisoma enzi za ujana wake. Mkono mmoja unataka kuwashia jiko. Mwingine umeshatoa simu, unapiga picha uweke kwenye Status ya WhatsApp.

Subiri kidogo.

Kukusanya na kuuza komiki za zamani ni hobi nzuri, na siku hizi sehemu kubwa ya hobi hii inapitia kwenye simu. Mnunuzi yuko Nairobi au Mombasa, hamjawahi kuonana. Komiki inasafiri kwa matatu, inachukua saa kadhaa. Pesa inafika kwa sekunde chache. Hapo katikati ndipo watu hupoteza komiki, au pesa, au vyote viwili. Kwa hivyo leo tunazungumzia mambo mawili kwa pamoja: jinsi ya kujua ulicho nacho, na jinsi ya kulipa na kulipwa bila majuto.

Ni komiki gani hizi?

Wengi wakisikia komiki wanafikiria Superman na Spider-Man. Lakini hapa kwetu pia kuna historia ndefu.

Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijana wengi wa Afrika walisoma African Film, jarida la Drum lililosimulia visa kwa picha za kamera badala ya michoro. Nyota wake alikuwa Lance Spearman, mpelelezi mwenye kofia, suti kali na gari la kasi.

Mwaka 1973, mwanahabari Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst walianzisha jarida la Joe jijini Nairobi. Lilikuwa na katuni, hadithi fupi na vichekesho kuhusu maisha ya mwananchi wa kawaida, na liliendelea hadi 1979. Baadaye, katika miaka ya 1980, Hirst alitoa Pichadithi, mfululizo wa hadithi za kienyeji kwa michoro. Mwaka 1996, Gado, mchoraji tunayemjua kwa katuni za siasa, alitoa Abunuwasi kwa Kiswahili kupitia Sasa Sema. Na kwa miongo mingi wasomaji wa Taifa Leo walicheka na Juha Kalulu wa Edward Gitau. Hiyo haikuwa kitabu, ilikuwa safu ya gazetini, kwa hivyo aliyetaka kuiweka ilibidi akate na makasi.

Halafu kuna Shujaaz, iliyoanza Februari 2010. Hii inatugusa sisi wa malipo ya simu kwa karibu, kwa sababu haikuuzwa dukani. Iliwekwa ndani ya gazeti la Nation la Jumamosi, na nakala nyingine zikagawiwa bure kwenye vibanda vya M-Pesa. Ulikuwa unaenda kutoa pesa, unarudi nyumbani na komiki ya Sheng kuhusu Boyie, kijana anayerusha matangazo ya redio kisiri kutoka chumbani kwake.

Kuzeeka peke yake si thamani

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Mtu anaona mwaka 1975 kwenye jalada, anaanza kuota ploti.

Bei ya komiki inategemea mambo matatu: ni nakala ngapi zimebaki, ziko katika hali gani, na kuna watu wangapi wanaozitaka. Yote matatu lazima yakutane.

Angalia mifano miwili ya Marekani. Toleo la kwanza la Action Comics, lililomtambulisha Superman mwaka 1938, liliuzwa kwa senti 10. Mwaka 2014 nakala moja safi iliuzwa kwenye eBay kwa zaidi ya dola milioni 3. Kwa nini? Kwa sababu mwaka 1938 hakuna aliyedhani ni kitu cha kuweka. Watoto walisoma, wakarusha. Zilizobaki ni chache mno na wanaozitaka ni wengi.

Sasa linganisha na mwisho wa mwaka 1992, lilipotoka toleo la 75 la Superman, lile ambalo shujaa mwenyewe anakufa. Watu walipanga foleni. Wengi walinunua nakala mbili tatu, wakaziweka bila hata kufungua mfuko, wakisubiri utajiri. Mamilioni ya nakala ziliuzwa na mamilioni yakahifadhiwa vizuri. Leo unaweza kuipata kwa urahisi, na kwa bei ya chini, kwa sababu kila mtu aliiweka.

Turudi Bahati. Shujaaz zilichapishwa kwa wingi, lakini kwa kuwa zilikuwa za bure, ni wangapi walizitunza? Nyingi ziliishia kufungia mandazi. Safi zikiwa chache, mkusanyaji anayetaka kukamilisha mfululizo anaweza kukulipa. Lakini lazima mkusanyaji huyo awepo. Uchache bila mnunuzi ni karatasi tu.

Hesabu kurasa kabla ya kutaja bei

Kabla hujaandika "Inauzwa", kaa mezani mchana kukiwa na mwanga na uikague komiki hivi:

1. Hesabu kurasa, moja baada ya nyingine. Karatasi ya katikati ndiyo huchomoka kwanza, na mnunuzi mzoefu ataiulizia.
2. Angalia pini za katikati. Zikiwa na kutu, sema.
3. Angalia jalada la mbele na la nyuma: mikunjo, michaniko, majina yaliyoandikwa kwa biro.
4. Inuse. Harufu ya ukungu haionekani kwenye picha, lakini mnunuzi ataisikia akifungua bahasha.
5. Usitengeneze chochote. Selotepu huacha gundi ya kahawia na hushusha bei kuliko mchaniko wenyewe.

Karatasi ya gazeti hugeuka manjano na kuvunjika kwa sababu ina asidi ndani yake. Mwanga, joto na unyevu huharakisha. Sisi wa Bahati tunajua baridi na mvua yetu, kwa hivyo katoni isikae chini kwenye simiti wala kugusana na ukuta. Weka kila komiki kwenye mfuko safi wa plastiki na kadibodi ngumu nyuma yake, kisha iinue juu ya rafu. Panya na mchwa hawajui Joe ni nini. Kwao ni chakula.

Piga hesabu ya ukweli

Tuchukue mfano. Tuseme umeshuka Nakuru mjini, ukapata kwa muuzaji wa vitabu vya mkono wa pili bunda la komiki 12 kwa shilingi 600. Nauli ya kwenda na kurudi ni 200. Mifuko ya plastiki ni 120. Jumla umetumia 920.

Mwezi huo unauza tano, kila moja 200. Umepata 1,000. Faida ni shilingi 80, na bado una komiki saba.

Si mbaya. Lakini ukisahau kumwambia mnunuzi alipie parseli, nayo ikala 150, tayari una hasara ya 70. Na bado hatujaweka ada za kutuma pesa.

Ndiyo maana tunawashauri wateja wasichanganye pesa ya hobi na pesa ya unga. Tumia namba ya till au laini tofauti. Mwisho wa mwezi utafungua taarifa ya akaunti na kuona kila shilingi iliyoingia na iliyotoka, badala ya kukisia.

Ukiwa muuzaji: SMS si pesa

Sasa tufike kwenye sehemu inayouma. Mazungumzo huwa hivi:

"Boss, nimeshatuma 2,500 ya zile kumi. Cheki SMS."

"Nimeiona. Ngoja niangalie salio."

"Aah boss, mtu wangu wa boda ako hapo steji ya Maili Kumi na ana haraka. Si umpe tu mzigo?"

SMS iko kwenye simu, ina jina, ina kiasi, ina hata namba ya muamala. Ukiisoma kwa haraka inafanana kabisa na ya kweli. Lakini imetoka kwa namba ya kawaida, mtu ameiandika kwa vidole vyake. Ukimpa boda mzigo, umempa mtu usiyemjua komiki ulizozitunza miaka mingi.

Kanuni ni moja: amini salio lako, usiamini ujumbe. Fungua menyu au programu mwenyewe, tazama salio, tazama orodha ya miamala. Picha ya skrini aliyotuma mnunuzi pia si malipo. Na haraka ya mtu mwingine si dharura yako. Mnunuzi wa kweli atasubiri dakika mbili.

Kuna ujanja mwingine. Unapigiwa simu: "Nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali nirudishie kwa namba hii." Usitume chochote. Huenda hakuna pesa iliyoingia. Na hata kama imeingia, ukimtumia mwenyewe halafu naye aombe muamala wa kwanza urejeshwe, unaweza kujikuta umelipa mara mbili. Mwambie kwa upole aombe urejesho kupitia mtoa huduma wake, wewe usiiguse pesa hiyo mpaka jambo liishe.

Ukituma mzigo, weka ushahidi: picha ya komiki ndani ya bahasha, risiti ya ofisi ya parseli, na mazungumzo yenu. Usifute mpaka mnunuzi aseme amepokea.

Ukiwa mnunuzi: ona kabla ya kutuma

Mnunuzi pia huumia. Mtu anakuonyesha picha ya Joe safi, kumbe ameitoa mtandaoni. Mwombe apige picha nyingine akiwa ameweka kando ya komiki karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Mwombe pia picha ya karatasi ya katikati. Aliye nayo mkononi atafanya hivyo kwa dakika moja. Asiye nayo ataanza hadithi.

Kama mko karibu, kutaneni mahali pa watu wengi, mchana. Hesabu kurasa, kisha ulipe papo hapo. Kama mko mbali, anza na komiki moja ya bei ndogo kabla ya kununua bunda zima. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Ikiwa mlielewana na mtu mmoja na jina ni la mwingine kabisa, simama uulize.

Na PIN ni yako peke yako. Hakuna muuzaji, ajenti wala mfanyakazi wetu anayeihitaji ili ununue komiki.

Je, naweza kuskani niuze PDF?

Tunaulizwa pia hili. Nakala halisi uliyonunua ni mali yako, unaweza kuiuza. Lakini kuiskani au kuitoa fotokopi na kuuza nakala hizo bila ruhusa ya mwenye haki ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Mchoraji alikesha akichora. Kama bado yuko hai, anastahili chake. Na kama ametutoka, haki hiyo haikuzikwa naye, imebaki kwa warithi wake.

Kabla hujafunga katoni

Huenda katoni yako haina utajiri. Huenda ina shilingi 80 ya faida na jioni chache za kucheka na Boyie. Hilo pekee linatosha kwa hobi. Lakini usiwashie jiko kabla hujakagua, na usiachilie mzigo kabla hujaona salio.

Ukipata ujumbe wa malipo unaoutilia shaka, usiujibu na usibonyeze kiungo chochote. Tupigie kupitia namba rasmi ya huduma kwa wateja, au pita kwa ajenti aliye karibu nawe umwonyeshe. Ni heri uulize mara mbili kuliko kwenda Maili Kumi kumtafuta mtu wa boda ambaye hata jina humjui.