Kibuye kwa njia ya maji: Masaa matano ya familia moja ya Nyakabuye

Sisi watu wa Rusizi tuna ziwa mlangoni, lakini wengi wetu tunalijua kwa kulipita tu. Tunapanda Kamembe kufuata bidhaa, tunavuka daraja kwenda Bukavu, jioni tunarudi na mizigo kichwani, na Ziwa Kivu tunalitazama kama mtu anavyotazama shamba la jirani. Mwambie mtu wa Nyakabuye kwamba unakwenda Karongi kwa boti, naye atakuuliza kwani barabara imekatika.

Kwetu Nyakabuye maji tunayoyajua ni ya aina mbili: yale ya moto, ambayo watu hutoka mbali kuja kuoga wakitafuta nafuu ya viungo, na yale ya mpunga kule chini Bugarama. Kupanda boti kwa starehe ni mambo tuliyozoea kuwaachia wageni. Wao siku hizi wana hata ile Kivu Queen uBuranga yenye vyumba 10, inayozunguka kati ya Rusizi, Karongi na Rubavu. Nimeiona kwa mbali. Bei yake sikuuliza, maana kuna maswali ambayo mwalimu hapaswi kuyauliza kabla ya mwisho wa mwezi.

Safari yetu ilikuwa ya aina nyingine. Kikundi chetu cha akiba, ikimina kama tunavyokiita, kina walimu wachache na akina mama wengi wanaouza nyanya, unga na sambaza mpakani. Wazo la kukodi boti ya kutupeleka Karongi na Rubavu, sisi na watoto wetu, lilizaliwa mwaka 2019. Mwaka 2020 mpaka ukafungwa kwa ajili ya korona, sanduku likakauka, na tukasahau. Tulipolijaza upya, ikaja habari ya tarehe 3 Oktoba 2024: boti iliyotoka Minova ilizama karibu na gati la Kituku, Goma, ikiwa imesheheni abiria kupita kiasi. Watu kwa makumi walikufa wakiona nchi kavu. Nusu ya kikundi walisema pesa zao zirudishwe. Kisha ikaja Februari 2025 na vita vya Bukavu, na kwa wale wanaoishi kwa kuvuka mpaka hakukuwa na nafasi ya kufikiria matembezi.

Tuliobaki tulikwenda Julai 2025, likizo kubwa, familia sita. Na katika familia yangu alikuwemo mama yangu mzazi, mwenye miaka 77, ambaye sikutegemea kabisa kwamba angekubali.

Hapo yafaa nieleze kidogo. Mama alizaliwa kando ya Kibuye, vilima vinavyotazama maji. Mwaka 1961, akiwa msichana wa miaka 13, alivushwa usiku kwa mtumbwi pamoja na baba yake na kaka zake wawili hadi kisiwa cha Idjwi. Dada zake wawili wakubwa walikuwa wameolewa, wakabaki. Kutoka Idjwi walikwenda bara la Kongo, na machafuko ya mwaka 1964 yakawasukuma tena, safari hii hadi Mwese, nyanda za juu za Mpanda, Tanzania. Huko ndiko nilikozaliwa mimi, nikasoma shule ya msingi na sekondari, nikajifunza Kiswahili hiki ninachokiandika. Tulirudi mwaka 2000. Mwaka 2006, Cyangugu ilipobadilika kuwa Rusizi, mimi nilikuwa nimeshaanza kufundisha Nyakabuye na nimeshaolewa huko.

Miaka yote hiyo mama hakuwahi kwenda Kibuye. Dada zake, waume zao na watoto wao waliuawa Aprili 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Tuliambiwa na majirani kwamba walikimbilia kanisani. Kila nilipompa wazo la kwenda kwa gari, alisema mgongo unauma. Barabara ya zamani kweli ilikuwa inavunja migongo, lakini hata baada ya lami kukamilika, mgongo uliendelea kuuma. Nilipomtajia boti, alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Mwanangu, niliondoka kwa maji, nitarudi kwa maji. Niandikishe."

Tulilala Kamembe kwa ndugu, na saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa gatini. Ndugu msomaji, ukikodi boti usione haya kuuliza. Mweka hazina wetu, mama mmoja anayehesabu chenji huku akitembea, alimtaka nahodha azitoe jaketi zote za kujiokolea na kuzihesabu mbele yetu, za watu wazima na za watoto. Za watoto zilipungua mbili. Hakupanda mtu hadi zilipoletwa kutoka boti nyingine. Nahodha alinung'unika kwamba tunamchelewesha. Acha anung'unike. Pia kila mtu mzima awe na kitambulisho chake, na ukishalipita kisiwa cha Nkombo na kuanza kukaribia Idjwi, angalia simu yako, kwani inaweza kudaka mtandao wa Kongo bila kukuuliza na vocha ikayeyuka.

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia. Tulipishana na wavuvi wakirudi kutoka kazi ya usiku, ile mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu ya kushikilia nyavu ikitokeza mbele na nyuma, na taa zimeshazimwa. Mtoto wangu wa pili, kijana wa miaka 12, akataka kujua wanavua nini. Sambaza, nikamjibu, na hapo nikapata somo la kumfundisha, maana mwalimu hana likizo. Ziwa hili halikuwa na samaki hao. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, wakazaana hadi wakawa kitoweo cha pande zote mbili za mpaka. Mama alikuwa anasikiliza. Akasema, "Basi wao walikuja huku, sisi tukaenda kwao." Kule Mpanda dagaa wa Tanganyika ndio waliotulea.

Tulifunga Karongi saa nne na nusu. Nahodha akatangaza kwa Kiswahili, lugha ya ziwa hili tangu zamani, hata kabla Bunge la Rwanda halijaifanya lugha rasmi mwaka 2017: boti itaondoka saa tisa na nusu kwenda Rubavu, atakayechelewa atafute basi. Masaa matano.

Hapo ndipo pakawa na kazi. Kijana wangu alikuwa ameahidiwa kisiwa cha Napoleon, kile chenye umbo la kofia, ambacho kina popo wengi ajabu juu ya miti. Kitinda mimba, wa miaka sita, alitaka kuoga ziwani, na Kivu halina mamba wala kiboko, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kumnyima. Mume wangu alikuwa na hamu ya Jumba la Makumbusho ya Mazingira, lililofunguliwa mwaka 2015, lenye bustani ya miti ya dawa juu ya paa. Mama hakutaja anachotaka. Alisimama gatini na mkoba wake, akitazama juu ambako kanisa la mawe linaonekana kwenye rasi yake, juu ya maji.

Kuna wazazi wanaosema familia ikitembea ni lazima iwe pamoja kila dakika. Mimi sikubaliani nao. Mtoto wa miaka sita asilazimishwe kubeba Aprili 1994 katikati ya likizo yake, na bibi wa miaka 77 asilazimishwe kuhesabu popo. Tuligawana. Baba watoto akachukua wavulana wawili na mtumbwi wa injini kwenda kisiwani, makumbusho yakaachwa kwa siku nyingine. Binti yetu mkubwa, mwenye miaka 17, nilimwambia achague. Alitazama mtumbwi, akamtazama bibi yake, akamshika mkono.

Tulipanda kilima polepole. Tarehe 17 Aprili 1994 maelfu ya watu waliokuwa wamejificha katika kanisa hilo na nyumba ya Home Saint-Jean iliyo jirani walishambuliwa na kuuawa. Kesho yake ikawa zamu ya uwanja wa Gatwaro, hapo hapo mjini. Aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Kibuye, Clément Kayishema, daktari kwa taaluma, alihukumiwa kifungo cha maisha na Mahakama ya Kimataifa mjini Arusha tarehe 21 Mei 1999. Nilikuwa kidato cha sita. Wanafunzi wenzangu waliniuliza kama Kibuye ni mbali na kwetu, na sikujua la kuwajibu, kwa kuwa nilikuwa sijawahi kukanyaga Rwanda.

Mahali pa kumbukumbu mama hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nina leso na maji ya kunywa. Yeye alikaa kwenye kiti cha kivulini na kumwambia binti yangu, "Andika." Akataja majina: dada mkubwa, mume wake, watoto wao watano kwa mpangilio wa kuzaliwa, dada wa pili, mume wake, watoto wao watatu. Wengi wa watoto hao hakuwahi kuwaona. Majina aliyapata kwa barua zilizopitia Bujumbura na Kigoma, moja kila mtoto alipozaliwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nayajua majina sita. Binti yangu aliyaandika kumi na mawili nyuma ya daftari lake la hisabati, akauliza tahajia ya kila moja, akayasoma kwa sauti ili bibi ahakikishe. Kisha akamuuliza swali ambalo mimi kwa miaka ishirini na mitano nilishindwa kuliuliza: "Bibi, kwa nini wao hawakupanda mtumbwi?"

"Mdogo wangu," alimjibu, maana ndivyo anavyomwita, "mtumbwi ulikuwa na nafasi ya watu wanne. Na wao walikuwa na nyumba. Sisi tulikuwa hatuna tena, yetu ilichomwa." Akanyamaza kidogo. "Walitusindikiza hadi majini. Mmoja alinivua viatu ili visilowe, akavisahau mkononi mwake."

Tulikaa hapo saa nzima na zaidi. Kulikuwa na upepo kutoka ziwani na watoto wa jirani wakicheza mpira.

Tulikutana na wengine saa saba na nusu mahali pamoja pa kula kando ya maji, jina nitalihifadhi. Brosheti na ndizi za kuchoma tulizoagiza zilichukua saa moja na robo kufika mezani. Tatizo hili la huduma za mahoteli yetu limeshaandikwa sana magazetini, nami nikiongeza langu halitaumiza mtu: mgeni mwenye boti ya kuwahi hana saa moja na robo. Mweka hazina wetu, ambaye hasubiri kitu bila kufanya kazi, aliutumia muda huo kuulizia bei ya sambaza wakavu na kulinganisha na ya Kamembe. Alirudi akitabasamu na gunia. Wenzangu wa mpakani watanielewa: mfanyabiashara hapumziki, hubadilisha soko tu.

Wavulana walikuwa wamelowa na wanasimulia popo wote kwa pamoja. Mdogo akamuuliza bibi yake yeye ameona nini kule juu. "Nimewaona dada zangu," alisema, akammegea ndizi. Mtoto aliridhika, akaendelea na habari ya popo aliyemnyea kaka yake kichwani.

Boti iliondoka saa kumi kasoro dakika kumi, kwa sababu ya nani sitasema, ila alikuwa na gunia. Kijana wangu aliuliza kuhusu mtambo unaoelea huko majini, nikamweleza habari ya KivuWatt: kwamba maji ya chini kabisa ya ziwa hili yana gesi ya methani, kwamba yanavutwa kutoka zaidi ya mita 300 chini, gesi inatenganishwa na kupelekwa nchi kavu kwa bomba, na tangu mwaka 2016 inazalisha umeme wa megawati 26. Akataka kujua kama ziwa linaweza kulipuka. Nikamwambia kadiri gesi inavyotolewa kwa uangalifu ndivyo hatari inavyopungua. Hakuonekana kuamini sana, akaikaza jaketi yake.

Mama alihamia upande wa kushoto wa boti na kukaa akielekea Idjwi. Binti yangu akakaa naye. Wakati jua linashuka, nilimsikia akimwonyesha kwa kidole mahali mtumbwi ulipopitia, akimweleza jinsi baba yake alivyopiga kasia bila kutoa pezi majini, ili lisisikike. Sijui kama kwa umbali ule, baada ya miaka 64, mtu anaweza kujua mahali penyewe. Yeye alionyesha bila kusita.

Rubavu tulifika usiku, tukalala, na kesho yake tukarudi Kamembe kwa basi kwa barabara ya lami, kona baada ya kona, watoto wawili wa jirani wakitapika. Mgongo wa mama haukulalamika hata mara moja. Jumapili iliyofuata ikimina ilikutana nyumbani kwetu Nyakabuye, na kabla hatujafungua kikao mama alitoa kitambaa chake, akafungua fundo, akaweka noti ya elfu tano mezani. Mweka hazina akamuuliza ni ya nini. Akasema ya boti ya mwakani, na safari hiyo masaa matano hayatoshi, mwongee na nahodha.