Mgomo wa Farmville Haukuwa wa Watoto Peke Yao

Historia ya mageuzi ya shule nchini Marekani humtaja Barbara Johns kama shujaa aliyesimama peke yake. Ni kweli kwamba tarehe 23 Aprili 1951, akiwa na umri wa miaka 16, aliongoza wanafunzi zaidi ya 450 wa sekondari ya Robert Russa Moton, mjini Farmville katika jimbo la Virginia, kususia masomo. Lakini mgomo huo ungeweza kumalizika kwa adhabu na kusahaulika, kama migomo mingi ya shule inavyosahaulika. Uligeuka kuwa madai ya jamii nzima kwa sababu ya kazi iliyofanyika katika wiki chache zilizofuata, wanafunzi na watu wazima walipokaa pamoja kuwashawishi wazazi. Kazi hiyo haisimuliwi mara nyingi, na naiona kuwa somo kubwa kuliko ujasiri wa siku moja.

Shule hiyo, iliyotengwa kwa watoto weusi pekee, ilijengwa mwaka 1939 kwa ajili ya wanafunzi 180. Ilipofurika, bodi ya elimu ya kaunti iliongeza vibanda vilivyofunikwa kwa karatasi za lami, vikipashwa joto kwa majiko. Hapakuwa na ukumbi wa mazoezi, bwalo wala maabara. Wazazi hawakunyamaza. Wakiwa na mchungaji L. Francis Griffin na mwalimu mkuu, walirudi mbele ya bodi mara kwa mara kuomba jengo jipya, wakapewa ahadi zisizo na tarehe. Udhaifu wao ulikuwa wazi: wengi walitegemea wazungu kwa ajira na mikopo, na bodi ilijua kwamba hawangeweza kuisukuma mbali. Wanafunzi hawakuwa na ajira ya kupoteza, na waliyajua mazingira ya shule kwa kuyaishi kila siku. Walichokosa ni mamlaka ya kisheria na sauti yenye uzito mbele ya wazee wao.

Wanafunzi wenyewe ndio waliowaandikia wanasheria wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, mjini Richmond, Oliver Hill na Spottswood Robinson. Wanasheria walikuja wakiwa na masharti mawili: wazazi waunge mkono, na dai liwe kukomesha utengano wa rangi shuleni, si kupata jengo bora tu. Sharti la kwanza liliwalazimisha wanafunzi kutoka nje ya uwanja wa shule. Tarehe 3 Mei watu walikusanyika katika kanisa la mchungaji Griffin, na hoja zikapingwa waziwazi. Aliyewahi kuwa mwalimu mkuu wa shule hiyo aliwasihi watu wasiende mahakamani. Barbara alisimama akamjibu. Tarehe 23 Mei kesi ilifunguliwa kwa niaba ya wanafunzi 117, na baadaye ikawa mojawapo ya kesi tano zilizounganishwa katika Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, iliyoamuliwa mwaka 1954 dhidi ya utengano huo. Kesi ikiwa bado mahakamani, kaunti iliharakisha jengo jipya la watoto weusi, likafunguliwa mwaka 1953. Jengo lililoombwa kwa miaka likapatikana ndani ya miwili.

Wapo wanaosema kwamba katika ushirikiano wa aina hii watu wazima huwatumia watoto. Hatari hiyo ipo, na Roger Hart aliieleza vizuri mwaka 1992 katika ngazi yake ya ushiriki wa watoto, ambayo vipandio vyake vya chini kabisa ni kuwatumia watoto kwa hila na kuwafanya mapambo. Kipandio cha juu kabisa, hata hivyo, hakimwachi mtoto peke yake: ni pale anapoanzisha jambo mwenyewe kisha akaamua pamoja na watu wazima. Mpangilio wa matukio ya Farmville ni huo hasa.

Pingamizi la gharama ni zito zaidi. Barbara alihamishiwa Alabama kwa usalama wake, mwalimu mkuu akapoteza kazi, na mwaka 1959 kaunti ilifunga shule zote za umma badala ya kuwachanganya watoto. Zilibaki zimefungwa hadi 1964. Kuna watoto ambao hawakurudi tena darasani, na hakuna hukumu inayowalipa. Lakini waliofunga milango walikuwa viongozi wa kaunti, si wanafunzi. Bila wazazi na mawakili waliorudi mahakamani hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamuru shule zifunguliwe, pengine zingebaki hivyo muda mrefu zaidi.

Somo hilo la Farmville linahusu hata Kenya, ambako Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi katika bodi ya usimamizi wa shule. Ni hatua njema, ila kiti kimoja miongoni mwa watu wazima zaidi ya kumi hakiwezi kuishawishi jamii. Baraza hilo linastahili pia nafasi katika mkutano wa wazazi wote, likiwa na takwimu lilizokusanya lenyewe: vyoo vingapi vinatumika, wanafunzi wangapi wanabanana kitanda kimoja bwenini, mlango upi unafungwa kwa kufuli usiku. Mzazi anaweza kuibishia bodi kwa miaka. Ni vigumu zaidi kumbishia mwanawe aliyehesabu.