UZI: Vishikwambi vya chekechea, na swali ambalo kila upande unaruka

1/ Siasa zikipamba moto, ahadi hii hurudi: kila mtoto wa chekechea atapata kishikwambi. Makofi. Upande wa pili unajibu kwamba mtoto anataka uji, si skrini. Makofi tena. Mimi naona wote wanaruka swali lenyewe. Twende polepole.

2/ Kwanza, hii kazi ni ya nani? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti elimu ya chekechea, yaani PP1 na PP2. Shule ya msingi ni ya serikali kuu. Kwa hivyo anayetaka kiti cha kitaifa akikuahidi vishikwambi vya PP1, muulize atavipitishia wapi.

3/ Ule mradi mkubwa tunaoukumbuka ulikuwa wa darasa la kwanza. 2013 tuliahidiwa laptopu, zabuni ikafutwa, na 2016 vikaja vishikwambi. Zaidi ya milioni moja vilifika shule za msingi za umma.

4/ Uzuri wake upo: shule nyingi za mashambani ziliwekewa stima. Lakini ulituonyesha kununua ndiyo sehemu rahisi. Kifaa kinataka chaji, fundi, masomo yanayofuata mtaala na mwalimu aliyefunzwa. La sivyo kinafungiwa kabatini kisiibiwe.

5/ Mbona basi wanasiasa hupenda kifaa kuliko mwalimu? Fuata pesa. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Kanuni za 2015 zinasema mishahara isipite asilimia 35 ya mapato. Kifaa unakinunua mara moja, unapiga picha, umemaliza. Mwalimu analipwa kila mwezi, na nafasi yake kwa bajeti ni finyu.

6/ Shida ni kwamba kwa umri huu kifaa bila mwalimu ni katuni tu. Mtoto wa miaka minne hujifunza kwa kushika, kuimba, kuuliza na kujibiwa. Mwaka 2019 WHO ilishauri watoto wa miaka 2 hadi 4 wasikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na TV ya nyumbani imo humo.

7/ Sisemi skrini ni sumu. Kishikwambi kimoja kwa kikundi, dakika chache, mwalimu akiwa kando akiwasikilizisha hadithi na kuwauliza maswali, hapo kinasaidia. Lakini ona vile hata hapo anayebeba kazi ni mwalimu.

8/ Kwa hivyo mheshimiwa akija na hiyo ahadi, muulize manne:
• Walimu wangapi wa chekechea wataajiriwa, na kwa masharti gani?
• Mwaka wa pili nani analipa fundi na stima?
• Masomo yaliyomo yameidhinishwa na KICD?
• Taarifa za watoto zinawekwa wapi, na mzazi ameulizwa? Sheria ya data ya 2019 inadai ridhaa yake.

9/ Akijibu la kwanza vizuri, hayo mengine tunaweza kuongea. Kaunti yenu walimu wa chekechea wako kwa kandarasi ama wameajiriwa kabisa? Niambieni hapo chini.