Umechelewa mganda Chiwanda? Usikimbilie pengo la mbele ya spika

Fikiria umefika Chiwanda saa kumi jioni, bodaboda imekushusha, na uwanja umeshajaa. Mganda unaanza sasa hivi. Umeongozana na bibi yako, na yeye hakuja kuangalia migongo ya watu. Anataka kusikia nyimbo za mwaka huu zinamsema nani. Utampeleka wapi?

Mimi niliwahi kukosea hapo. Niliona pengo zuri mbele kabisa, jirani na spika ya mshereheshaji, nikamketisha bibi huku najiona mjanja. Haikupita muda akanivuta shati: "Mjukuu wangu, masikio yanalia." Kumbe pengo lile lilikuwa wazi kwa sababu.

Tuanze na spika. Sauti hupimwa kwa desibeli. Uwanjani, kila unapozidisha umbali mara mbili, sauti hupungua kama desibeli 6. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, inashauri desibeli 85 zisizidi saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3, muda huo ukatwe nusu. Sasa piga hesabu. Kama mita 2 kutoka kwenye spika kuna desibeli 100, muda wako ni dakika 15 tu. Ukirudi hadi mita 4, unapata saa 1. Ukifika mita 8, unapata saa 4. Yaani hatua chache tu, na muda umeongezeka mara 16! Na hili si la wazee peke yao. Watoto ndio hujazana hapo, na chembe za kusikia ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena.

Lakini usiende nyuma ya umati pia. Pale utasikia ngoma, maneno hutayasikia. Kwa nini? Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Mdundo mzito wa mitetemo 100 kwa sekunde una wimbi la mita 3.4, kwa hiyo unazunguka miili ya watu kama maji yanavyozunguka jiwe. Sauti kali zinazotofautisha "s" na "f", hasa za mitetemo inayozidi 3,400, zina wimbi la chini ya sentimita 10 tu. Hizo zinagonga mgongo wa mtu na kuishia hapo. Bibi atabaki kuuliza, "Wamesema nini?"

Basi zunguka pembeni, ambako safu za watu ni chache. Pembeni gani? Hapa Chiwanda ziwa liko magharibi, kwa hiyo jioni jua linashuka upande wa maji. Ukitazama ziwani, wachezaji wanakuwa vivuli vyeusi na macho yanauma. Ukisimama na mgongo ziwani utaona vizuri, ila mara nyingi mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na aliye mbali upande unakotoka upepo husikia vibaya, kwa sababu sauti inapinda kwenda juu na kumpita kichwani. Ukiwa karibu na wachezaji, upepo haukusumbui sana. Ukiwa mita hamsini na zaidi, utauona tofauti yake.

Pia mganda huchezwa kwa mistari, kama gwaride, maana ni ndugu wa beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi za enzi za ukoloni. Ukiwa ubavuni kabisa, mchezaji wa kwanza anawaficha wenzake. Kwenye kona unaona mstari mzima na miguu ikienda pamoja.

Kwa hiyo ukichelewa, fanya hivi: tafuta kona ya kaskazini au kusini, jua lisikupige usoni, spika iwe mita 8 au zaidi, mbele yako safu moja au mbili tu. Ukipata kichuguu au mzizi wa mwembe, panda. Wasanifu wa viwanja mara nyingi hulenga mstari wa kuona upite sentimita 12 hivi juu ya macho ya aliye mbele.

Safari iliyofuata nilimpeleka bibi konani. Alicheka wimbo mzima, kisha akakataa kunieleza umemsema nani.