Meli Iliyopanda Treni

Wewe unayevuka ziwa kutoka Nansio kwenda Mwanza, je, umewahi kusikia habari za meli iliyopanda treni? Ni Liemba ya Ziwa Tanganyika.

Wajerumani waliiunda kwao Papenburg mwaka 1913, wakaiita Graf von Götzen. Meli haiwezi kufika ziwa lile kutoka baharini. Basi wakaifungua vipande vipande, wakavitia katika masanduku 5,000. Masanduku yakaja Dar es Salaam, kisha Kigoma kwa reli. Huko wakaiunga upya.

Mwaka 1916, wakati wa vita, waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini kwanza waliipaka mitambo grisi nyingi, maana chuma kikikaa majini huliwa na kutu.

Waingereza waliiibua mwaka 1924. Mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, kwa mitambo ileile.